Pengo la Fensi Yetu ya Kapseret

Kwa Mama Fatuma, duka la vitambaa,
West Indies,
Eldoret.

Alhamisi, 20 Septemba 2018

Mpendwa Dada Nasambu,

Nyumba yetu ya Kapseret imeungua mara kumi na moja tangu asubuhi, na mara zote kumi na moja ni mimi nimeichoma. Ya kumi na mbili ilikuwa imefika kwa paa wakati stima ilipotea. Usishtuke. Ni nyumba ya ndani ya kompyuta, nitakueleza. Nimeona tu wacha niandike hiyo kwanza kabla niogope, halafu nikusalimie.

Sasa salamu. Uko aje huko Garissa, na hilo joto? Brigid wako anaongea sasa ama bado amenyamaza kama mjomba wake? Na mwenzako wa jikoni, Ilham, mguu wake uliochomwa na uji ulipona? Sisi huku ni wazima. Mama alisumbuliwa na kifua mwezi wa saba kwa sababu ya baridi, lakini imetulia. Mvua haijaisha. Mahindi ya watu inaanza kuoza kabla ya kuvunwa. Mimi niko tu.

Jumapili nilikupigia simu, unakumbuka. Ukaniuliza Kituyi, kuna nini, nikasema hakuna. Ukangoja. Nikakuuliza kama huko kumenyesha. Ukacheka ukasema Garissa hainyeshi hivyo hivyo. Dada, nilikuwa nimepiga nikuambie haya. Lakini kwa simu maneno yangu inakwama, unanijua. Abdullahi wa lori anapeleka mzigo Garissa kesho alfajiri, amesema barua atakupea mkononi.

Wacha nianze kule mwanzo. Unajua nilikuja hapa kwa Mama Fatuma kubeba majora ya vitambaa. Kijana wake Yasin ako na ofisi juu ya duka, chumba moja, kompyuta nne. Anatengeneza gemu. Mimi nikipeleka chai juu nilikuwa nasimama nyuma yake naangalia vidole vyake. Hakunifukuza. Nilisimama hivyo kama miezi minane. Siku moja akatoka kwenda kula, na kwa skrini kulikuwa na mlango umekaa juu ya ukuta kama umening'inizwa, haujagusa chini. Ulinisumbua macho. Nikaushusha. Akarudi akauliza ni nani ameshika mashine. Nikasema ni mimi. Nikajua nimefutwa. Akaniambia kaa hapo, shusha na ule mwingine.

Tangu hapo sibebi majora. Sijui kusoma hizo maandishi za kizungu kwa mashine, najua tu mahali zinakaa, kama vile Mama anajua sarafu kwa giza.

Gemu yenyewe ni ya vita. Watu wengi wanacheza pamoja, kila mtu na mashine yake ama simu yake, wengine Langas, wengine Kisumu, mnapigana na bunduki. Lakini kabla uende vita, na ukitoka, uko na mahali pako wewe peke yako. Yasin anapaita boma. Kwa boma hakuna bunduki inalia hata ubonyeze mpaka kidole kiume. Pale unapanga vile unataka. Unatoa kiti unaweka kitanda, unapaka ukuta, unapanda mti, unafuga kuku. Rafiki anaweza kuja kukutembelea ukimfungulia geti. Watu wanapenda boma kuliko hata vita yenyewe.

Kazi yangu ilikuwa kutengeneza hizo vitu za kupanga, na boma moja ya mfano, ya mtu ambaye ameingia leo na hajajenga yake. Yasin aliniambia tengeneza nyumba yoyote. Dada, mimi sijui nyumba yoyote. Najua ile.

Nikatengeneza ile. Mabati kumi na nane upande wa mbele, na ile moja ya kutu. Mlango wa kibluu. Jikoni ya nje na moshi yake. Ile jiwe Baba alikuwa ananolea panga. Fensi ya kayaba, ile miti ya miiba, kuzunguka yote, na ile pengo huko nyuma ya zizi, ile tulikuwa tunapitia kwenda kwa Mama Jelagat kuitisha chumvi na moto. Nikaweka mpaka ndege inapita juu ikienda kutua, kila baada ya dakika kumi, na kivuli chake kinakimbia juu ya paa. Nilidhani watu wataingia, waitoe, wajenge zao. Ndiyo ilikuwa makosa yangu. Watu ni wavivu. Wameiacha. Wanabadilisha rangi ya mlango basi. Sasa ukiingia kwa gemu yetu, kila mtu ako kwetu.

Ukiuliza kama nilimwambia Yasin ni nyumba ya ukweli, sikumwambia. Ni Mama alimwambia.

Alikuja siku moja mwezi wa tano kuniletea mwavuli, ametoka kuuza sukumawiki. Adongo ndiye alikuwa kwa mashine. Huyu Adongo ni msichana wa kujaribu gemu, kazi yake ni kucheza mpaka apate mahali imeharibika. Mdomo wake hauna breki. Mama akasimama kwa mlango na gambuti zake, maji inatiririka, akaangalia skrini. Nikaona mwavuli unashuka polepole.

Akasema, "Nani amehamisha tanki?"

Adongo akageuka. "Tanki gani, Mama?"

"Hiyo. Ilikuwa upande wa jikoni. Maji ya paa kubwa ilikuwa inaingia pale."

Adongo akaniangalia. Mimi nikaangalia mausi. Adongo akashika tanki akaivuta hadi upande wa jikoni. Mama akasema, "Rudisha nyuma kidogo. Si sana. Hapo." Halafu akavuta kiti akakaa, bila mtu kumkaribisha, kama mtu amefika kwake.

Tangu siku hiyo anakuja kila siku saa kumi, akimaliza soko. Anakaa karibu na Adongo anamwonyesha na kidole. Huo mti ulikuwa mfupi. Hapo tulikuwa tunaanika kabichi. Kuku hawalali huko, watu wa gemu, mnataka waliwe na nani? Adongo anasongesha, Mama anakataa, anasongesha tena. Yasin anacheka anasema, "Mama Nasambu ndiye mchezaji wetu wa kwanza ambaye hajawahi kupiga mtu risasi." Na Mama anamwambia, "Ngoja tu, mwanangu, nikikosa unga nitaanza na wewe."

Sijamwona akicheka hivyo tangu tutoke kambi ya wakimbizi ya shograundi.

Mara moja aliomba Adongo aweke kiti ya mbao chini ya paa, karibu na jiwe ya kunolea. Kikawekwa. Akakiangalia muda. Halafu akasema kitolewe. Adongo akakitoa.

Na pengo pia aliiona. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Umeacha pale wazi?" Nikasema ndiyo Mama. Akasema, "Wacha hivyo."

Hapo ndipo kuna shida, Dada. Adongo alimwuliza, "Kwani Mama, hiyo nyumba siku hizi nani anakaa?" Mama akamwambia, "Hakuna. Tumeifunga tu." Amesema hivyo mbele ya Yasin, mbele ya Mama Fatuma, mpaka ameongeza kwamba ufunguo ako nao. Siku nyingine nikamsikia anaeleza vile wajukuu wakikua ataenda kuifungua, aondoe buibui, apake chokaa. Sasa mimi nitasema nini? Nikisema iliungua, ni mimi nimemwita mama yangu mwongo mbele ya watu wanamheshimu. Na labda si uwongo kwake. Hiyo siijui. Siwezi kumuuliza.

Mwezi uliopita wachezaji walianza kulalamika kwamba boma ni tamu lakini haina hatari. Wanataka waweze kuvamiana. Kundi moja linakuja boma ya mtu, wanavunja geti, wanachoma, anayetoka hai anakimbilia kwa mwenzake. Yasin si mtu mbaya. Alikataa mara ya kwanza. Lakini Jumamosi hii kuna watu wanatoka Nairobi kuangalia hiyo gemu, wakiipenda ofisi itaendelea, wakikataa Yasin anarudi kuuza saruji kwa duka ya baba yake na sisi wengine tunarudi mahali tulitoka. Na hao watu wa Nairobi walipiga simu wakauliza, uvamizi uko? Akasema uko. Haukuwa. Akaweka simu chini akaniangalia mimi.

Tuko na sheria ofisini. Aliyejenga kitu ndiye anaivunja kwanza. Yasin anasema mjenzi ndiye anajua mahali ukuta ni mwembamba. Kwa hivyo moto nikapewa mimi.

Nilijaribu kuzunguka. Nilichora nyumba ingine ya kuanzia, ya mawe, na vigae vyekundu, na geti la chuma. Yasin akaizunguka mara moja akasema, "Hii ni kama benki, Kituyi. Watu wamezoea ile ingine. Ile inauma mtu hapa," akajigonga kifua. Nilikuwa na maneno tayari. Nikafungua mdomo. Adongo akasema, "Fundi anataka kusema kitu." Nikasema hapana.

Basi nikaanza moto. Siku ya kwanza nilichora vibaya kwa makusudi, moto wa rangi ya machungwa kama wa kalenda. Yasin akanivumilia. Siku ya pili mkono wangu ukakataa kudanganya, Dada. Nikiona kitu kiko makosa naumwa. Nikarekebisha moshi, uwe mweusi kwanza halafu wa kijivu. Nikarekebisha mabati, zikunjike kutoka pembeni, na ile sauti. Nikaweka misumari iruke. Nilipomaliza Yasin akasogea karibu na skrini. Akauliza, "Huu moto ni wa ukweli sana. Ulijifunzia wapi?"

Nikasema, "Kwa kuangalia."

"Yutubu?" Adongo akauliza.

Nikasema eeh.

Leo asubuhi ndiyo tumejaribu nyumba yote ikiungua na watu ndani. Mara ya kwanza, watu wakatoka wote. Mara ya pili, wote. Adongo alikuwa upande wa wavamizi na alikuwa amekasirika. "Hii si haki," akasema. "Nimeziba geti, nimeweka mtu kila kona, na bado wananitoka. Kuna shimo mahali." Tukarudia. Mara ya tano akaiona. "Ni hapa nyuma ya zizi. Fundi ameacha pengo. Kayaba mbichi haishiki moto, na hapa hakuna kayaba, wanapita kama wanaenda dukani."

Yasin akaja akaangalia. Akasema, "Ni bahati mbaya tu, alisahau. Kituyi, ziba hapo."

Mimi nikasema sawa. Lakini sikuziba. Nikachoma tena, nikachoma tena, nikijifanya natafuta kitu kingine. Na kila mara naangalia hao watu wadogo wakikimbia kutoka kwa mlango wa kibluu, wanapita nyuma ya tanki, nyuma ya zizi, wanainama, wanapita. Mara kumi na moja hakuna mtu alibaki ndani. Najua ni upuzi, lakini nilikuwa nataka kuona tena.

Dada, siku ile hiyo pengo haikuwa wazi. Unakumbuka Baba alikuwa ameiziba wiki ya kura ya 2007, kwa sababu ng'ombe ya Mama Jelagat iliingia ikakula kabichi, wakakosana kidogo. Alikata kayaba akasukuma ndani, akafunga na waya. Halafu siku ile wale vijana wa kuchoma nyumba wakafika kwa geti wakiita jina la Mama, na sisi tuko huko nyuma, na hakuna njia. Ni wewe uliifungua na mikono. Miiba yote. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja nikasimama tu naangalia, sikukusaidia, nilikuwa naangalia damu inashuka hadi kwa kiwiko na nilikuwa nafikiria utachapwa kwa kuharibu fensi. Ukanisukuma wa kwanza. Halafu Mama. Baba akasema anarudi kufungulia ndama.

Mama Jelagat alitufungia kwa ghala yake ya mahindi siku mbili na hakumwambia mtu. Nakumbuka alikuja na maziwa na chumvi akakuosha mikono.

Sijawahi kukushukuru. Tulitoka hapo tukaenda shograundi, halafu wewe ukatafuta kazi, mimi shule ikanishinda, na tukawa watu wa kuulizana kama kumenyesha. Wewe ulifungua na mikono miwili. Mimi naambiwa niizibe na kidole moja. Ni kubonyeza tu, Dada, hata haichukui dakika. Na nikiziba, hakuna mtu anatoka.

Sijui nakuuliza nini. Barua itafika Jumamosi jioni, na Yasin anataka kazi leo. Hata ukisema usizibe, nitakuwa nimeziba. Hata ukisema waambie ukweli, watu wa Nairobi watakuwa wamekuja wameenda. Nafikiri nakuandikia tu ili mtu moja ajue ilikuwa wazi mpaka mimi.

Mama hajaona moto. Wiki hii yote nimemdanganya. Ikifika saa kumi nafungua ile boma ya zamani, haina uvamizi, anakaa anapanga maua yake. Jana aliniambia anataka kuongeza chumba upande wa magharibi, cha Brigid. Alipima na vidole kwa skrini. Akamuuliza Adongo kama wako na dirisha kubwa kidogo. Adongo akamwambia ataitafuta.

Sasa hivi nakuandikia nikiwa nyuma ya duka, nimekalia jora. Stima ilipotea saa nane. Yasin alifunga ofisi akaenda zake, na saa hii ako msikitini kwa swala ya alasiri. Adongo akatoka kutafuta chai. Ufunguo ni wao wawili wako nao. Mimi sijawahi kuitisha.

Ngoja nikupe salamu kabla karatasi iishe. Nisalimie Brigid, umwambie mjomba anamchongea ng'ombe wa mti, pembe moja imebaki. Nisalimie Ilham. Mama Fatuma hapa anasema umefanya vizuri kutuma zile ubani, na kwamba ukija usipite duka yake bila kuingia. Kijana wa Mama Jelagat nilikutana naye sokoni, amesema mamake anazeeka, macho yameisha, lakini anauliza yule msichana wa mikono alienda wapi. Nikamwambia uko na mtoto. Akafurahi.

Mungu akulinde huko, Dada, alinde hiyo mikono yako. Akupe usingizi wa kutosha na jikoni isiyo na moshi.

Nilikuwa nataka kukuelezea habari ya shamba pia, lakini balbu ya duka imewaka sasa hivi. Stima imerudi.

Kuna kitu sikukuambia. Yasin alitengeneza gemu hivi kwamba stima ikipotea, ikirudi mashine inawaka yenyewe na kuanzia pale ilikuwa imeachia, ndio mtu asipoteze boma yake. Sisi wa Eldoret tunajua stima. Watu walimsifu sana kwa hiyo. Na pale ilikuwa imeachia ni mara ya kumi na mbili, mabati inakunjika, mlango wa kibluu umeshika moto. Iko juu hapo inaungua saa hii kwa chumba kimefungwa na hakuna mtu.

Na kwa mlango wa duka namwona Mama anavuka barabara. Ni saa kumi kamili. Ameshikana mkono na Adongo, wanacheka kitu, na Adongo anazungusha ufunguo kwa kidole.

Naacha barua hapa kwa Mama Fatuma, Abdullahi ataichukua. Pengo bado iko wazi, mpaka nikiandika hivi. Lazima niende sasa, Dada, nifike kwa hizo ngazi kabla yao, nisimame kwa mlango, na nipate la kumwambia Mama.

Mimi ndugu yako uliyemsukuma wa kwanza, akupendaye,

Kituyi